Mba kichwani: mwongozo kwa watu wa Goma wanaoisingizia Nyiragongo

Kwanza, mwachie mlima makosa yake. Nyiragongo ilitapika moto mwaka 1977, ikarudia tarehe 17 Januari 2002, lava ikapasua mji hadi ziwani, kisha tarehe 22 Mei 2021 ikatukimbiza tena usiku. Kesi hizo zinatosha. Ule unga mweupe unaobaki mabegani ukivua kofia si majivu yake. Wala vumbi jeusi la mawe ya lava, hata likupige uso mzima juu ya pikipiki kutoka Ndosho hadi Birere, halizai mba. Vumbi linachafua na kuwasha, likikutana na maji linaondoka. Mba inaota palepale kichwani, na kesho yake unaikuta tena.

Inaotaje? Juu ya ngozi ya karibu kila mtu mzima kuna fangasi wadogo wanaoitwa Malassezia, jina walilopewa kwa heshima ya Mfaransa Louis-Charles Malassez aliyewaeleza mwaka 1874. Chakula chao ni mafuta ya ngozi. Tunapobalehe kichwa kinaanza kutoa mafuta mengi, nao wanapata karamu. Wakiyameng'enya wanaacha mabaki, hasa asidi ya oleiki, ambayo ngozi za baadhi yetu haziivumilii. Ngozi hiyo inakasirika, inawasha, inaharakisha kujibandua, na seli ambazo zingeondoka moja moja bila kuonekana zinatoka kwa vipande. Takriban nusu ya watu wazima duniani wanapitia hali hiyo wakati fulani wa maisha yao. Kwa hiyo yule kijana mwenye koti jeusi anayechekwa kanisani si mchafu, na aliyekaa naye benchi moja hataambukizwa. Acheni kumcheka, nafasi yenu inakuja.

Sasa twende saluni, maana huko ndiko mba ya Goma inakonona. Dada amekaa kwenye kiti kifupi, kikwembe begani. Msusi anachora njia kwa mkia wa kitana, na kila njia inapofunguka magamba yanamwagika juu ya kikwembe.

“Yaya, kichwa yako imekauka. Nikuwekeye mafuta?”

“Weka, mama. Weka mingi.”

Hapo ndipo ninapotaka kuushika mkono wa msusi. Kichwa hicho hakijakauka. Ukiyasugua magamba yake kati ya vidole utaona yananata kidogo na yana rangi ya manjano hafifu. Ngozi iliyokauka kweli hutoa unga mkavu, na mara nyingi mikono na miguu ya mtu huyo nayo imepauka. Kumwagia mba mafuta ya mawese, ya nazi au ya zeituni ni kuwapelekea fangasi chakula mezani. Kwa siku mbili magamba yanalala, kichwa kinang'aa, kila mtu anasifu. Siku ya nne muwasho unarudi na ndugu zake wote. Ukipenda mafuta, yapake kwenye nywele zenyewe, kuelekea nchani, si kwenye ngozi. Ukitaka kulainisha gamba gumu, paka saa moja kabla ya kuosha, kisha uyaoshe yote. Mafuta mazito ya mgando yanayotokana na petroli hayawalishi fangasi hawa, ila nayo hayatibu kitu.

Nataka msusi asikie na hili: kichwa chenye vidonda hakisukwi kwa kukazwa, wala hakitiwi dawa ya kunyoosha nywele. Dawa hiyo huunguza hata ngozi nzima, sembuse iliyokwishachubuka. Mrudishe mteja nyumbani. Akipona atakuja tena, na nywele za mbele atakuwa bado anazo.

Vitu vinavyotafutwa jikoni navyo nivitaje haraka. Limau linachoma. Sabuni ya kufulia na magadi vinaivuruga ngozi zaidi. Mafuta ya taa ni sumu na yanashika moto, usiyapake kichwani kwa sababu yoyote, hata kwa chawa. Halafu kuna zile krimu za kung'arisha uso zinazouzwa bila karatasi ya daktari. Nyingi zina dawa kali za jamii ya kotizoni, na ndiyo maana muwasho unazimika usiku mmoja na mtu anaapa kwamba amepona. Ukiendelea kuzipaka, ngozi inakuwa nyembamba. Ukiziacha, mba inarudi. Daktari anaweza kukuandikia kotizoni hafifu kwa siku chache, na hilo ni jambo tofauti kabisa na kujipaka kwa miezi.

Kinachofanya kazi kinauzwa farmasi. Soma kopo, usisome picha ya mwanamke aliye juu yake. Tafuta neno kétoconazole, na kwa shampuu ya tiba mara nyingi utaona imeandikwa asilimia 2. Ukikosa, tafuta yenye salfaidi ya seleniamu au pirithioni ya zinki. Yenye asidi ya salisiliki inasaidia kubandua magamba mazito. Angalia tarehe ya mwisho, na kama kifuniko kimefunguliwa, rudisha.

Nasikia swali: maji yako wapi? Najua. Katika mji uliolala kando ya Ziwa Kivu, bado watu wanapanga bidoni foleni, na wengine wananunua maji yaliyopanda mlima juu ya chukudu au mgongoni mwa mtoto. Habari njema ni kwamba tiba hii haihitaji bafu la hoteli. Nusu ya bidoni ya lita 20 inatosha kichwa cha kawaida, ukitumia beseni na kikombe. Lowesha ngozi, si nywele tu. Mimina shampuu kidogo kiganjani, ipeleke kichwani kwa ncha za vidole. Kucha zikae mbali, maana zikichubua zinafungulia vijidudu mlango. Kisha subiri.

Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Watu wanapaka, wanasuuza papo hapo, halafu wanasema dawa ni ya uongo. Dawa inahitaji dakika 3 hadi 5 juu ya ngozi. Kama huna saa, weka wimbo mmoja wa rumba. Usisuuze wakati mwimbaji bado anabembeleza. Ngoja sebene iingie, magitaa yachemke, ndipo unyanyue kikombe. Suuza vizuri, kisha paka kilainishi kwenye nywele peke yake, kwa sababu ketokonazoli inaweza kuzikausha nywele zetu zilizojikunja.

Fanya hivyo mara 2 kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4. Mwenye nywele kavu zinazokatika aanze na mara 1 kwa wiki, na asione haya kwamba jirani anaosha kila siku. Aliyesukwa achanganye shampuu na maji kidogo katika chupa ndogo, atoboe kifuniko kwa sindano, akamulie kwenye njia za msuko moja baada ya nyingine. Kusuuza kuwe kwa subira, na kichwa kikauke kabla ya kufungwa kitambaa au kuvikwa wigi.

Kuna vichwa ambavyo mwongozo huu hauvitoshi. Mtoto wa shule mwenye duara lenye magamba, nywele zimekatika zimebaki vidoti vyeusi, huyo ana mashilingi, na hayo yanaambukiza. Fangasi wa mashilingi wanaingia ndani ya unywele, shampuu haiwafikii. Anahitaji vidonge, kwa kawaida griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, hata kama kichwa kimeonekana kizuri mapema. Kinyozi mwenye kibanda na mashine moja kwa mtaa mzima asafishe meno ya mashine kwa brashi, apanguse kwa dawa ya kuua vijidudu baada ya kila kichwa. Mdai hilo kabla hujakaa, kwa adabu: “Mukubwa, safisha kwanza mashine.” Hakuna kinyozi aliyekufa kwa kuambiwa hivyo.

Mtoto mchanga mwenye ukoko wa manjano utosini, mwacheni. Unaondoka wenyewe baada ya miezi michache. Mlainishie kwa mafuta kidogo ya mtoto, mwoshe, piga brashi laini, na msimkwangue kwa kucha hata bibi akisisitiza.

Magamba mazito ya rangi ya fedha, yaliyoko pia viwikoni na magotini, yanaelekea kuwa soriasisi, na yana tiba yake. Mwenye usaha, homa au nywele zinazong'oka aende kituo cha afya sasa. Na mtu mzima ambaye mba yake imelipuka ghafla, ikashuka kwenye nyusi, pembeni mwa pua na kifuani, isisikie dawa, aombe kipimo cha VVU. Watu wengi wenye mba hawana virusi hivyo, lakini mba kali ya namna hiyo huwa inawaonyesha baadhi yao mapema, wakati dawa zinaweza kuwarudishia maisha yao yote. Nenda na ndugu kama unaogopa.

Jambo moja linawatisha wenye ngozi nyeusi bure: pale mba ilipokuwa, hasa pembezoni mwa paji la uso, hubaki madoa meupe. Si ukoma, si uchawi wa shemeji. Ni rangi iliyopungua kwa sababu ngozi ilikuwa na uvimbe, nayo inarudi polepole kwa wiki au miezi. Usiyafute kwa krimu.

Muwasho ukiisha, usimpe jirani chupa iliyobaki. Fangasi wako bado wapo, watakuwapo maisha yako yote. Osha kwa dawa hiyo mara 1 kila wiki au kila wiki 2, siku ile ile bidoni zinapojaa, na wiki nyingine tumia shampuu yako ya kawaida.