Kutoka Mgodini hadi Vienna: Rilwanu Lukman, Saba mpaka Moja

Mtaje Rilwanu Lukman kijiweni, penye kahawa chungu na hoja kali, uone watu watakavyotazamana. Ronaldo wanamjua, Yamani wa Saudia labda wazee wanamkumbuka, lakini Lukman? Kumbe bei ambayo mhandisi huyu wa Nigeria aliihangaikia ilifika mpaka kwenye kibatari cha bibi yako na kwenye nauli ya daladala. Alikuwa waziri wa mafuta mara mbili, waziri wa mambo ya nje, rais wa mkutano wa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, na kisha Katibu Mkuu wake kwa miaka sita. Wengine watamhesabia vyeo. Mimi namhesabia subira: alijua kukaa chumba kimoja na watu wasiosalimiana, na asitoke mpaka wametia saini. Haya, tuhesabu kurudi nyuma, na ukitaka kubishana, subiri tufike namba moja.

7. Kijana wa Zaria

Alizaliwa Zaria, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 1938, na akasoma katika shule ambayo leo inaitwa Chuo cha Barewa. Hapo ndipo walipopita Yakubu Gowon na Murtala Muhammed, wote wawili wakuu wa nchi. Ukimaliza Barewa bila kutawala Nigeria, majirani wanauliza ulikuwa unachelewa darasani! Lukman hakutafuta ikulu. Alikwenda Imperial College, London, katika shule yake ya migodi, akahitimu mwaka 1962. Weka alama hapo: alisomea migodi. Mafuta yalimkuta ukubwani.

6. Miaka ya kofia ngumu

Kazi ya kwanza aliifanya Sweden, katika kampuni ya migodi ya serikali. Mtoto wa Zaria, baridi ya Sweden: mtu akivumilia hiyo, kikao cha mawaziri hakimtishi. Alirudi nyumbani kuwa mkaguzi wa migodi kule Jos, kwenye uwanda wa juu uliochimbwa bati tangu enzi za Waingereza. Mkaguzi wa migodi ana kazi ngumu ya pekee. Mwenye mgodi anamwona mchawi, mchimbaji anamwona mchelewaji, na yeye lazima awasikilize wote kisha aandike kilicho kweli. Naamini diplomasia yake ilianzia hapo, miaka mingi kabla hajavaa suti ya uwaziri. Katikati ya kazi alirudi darasani huko Leoben, Austria, nchi ambayo baadaye ingekuwa kituo chake cha kazi. Akaongoza kiwanda cha saruji Sokoto, kisha shirika la taifa la madini lenye makao yake Jos.

5 na 4, tuzipite pamoja

Siku ya mwisho ya mwaka 1983 wanajeshi walichukua nchi, na mwaka 1984 kiongozi wao, Muhammadu Buhari, akamfanya Lukman waziri wa madini, umeme na chuma. Wizara moja, maumivu ya kichwa matatu! Umeme wa Nigeria ulikuwa ukikatika hata waziri akiwa na fundi nyumbani, na kiwanda kikubwa cha chuma cha Ajaokuta kilikuwa kikijengwa bila kwisha. Mkumbuke Buhari, tutakutana naye tena.

Namba nne ni wizara ya mambo ya nje, mwaka 1990. Alikaa miezi michache tu, hata viti havijapata joto. Ulikuwa mwaka mzito: Namibia ilipata uhuru mwezi Machi, na Liberia ilikuwa inaungua mpaka nchi za Afrika Magharibi zikakubaliana Banjul, mwezi Agosti, kupeleka kikosi cha kulinda amani, ECOMOG, Nigeria ikibeba mzigo mkubwa. Cheo cha mwanadiplomasia alikipata hapo rasmi, lakini kazi yenyewe alikuwa ameshaifanya kwa miaka mitatu kwenye vikao vya mafuta. Ndiyo maana naiweka chini. Mabalozi wakinuna, waninunie.

3. Sheria iliyomshinda umri

Mwaka 2000 Nigeria ilimpa Lukman kamati ya kurekebisha sekta ya mafuta na gesi. Tatizo lilikuwa wazi kwa kila mtu: shirika la taifa, NNPC, lilikuwa mfanyabiashara, mbia wa makampuni ya kigeni na mkono wa serikali, yote kwa wakati mmoja. Mchezaji akiwa na filimbi ya refa mfukoni, nani atampinga? Kamati ilipendekeza kutenganisha kazi hizo. Ikaundwa upya mwaka 2007, Lukman akiwa mwenyekiti tena, na mwaka 2008 mswada ukafika bungeni. Desemba ya mwaka huo Rais Yar'Adua akamrudisha kwenye wizara ya mafuta, akiwa na umri wa miaka 70. Umri ambao wenzake walikuwa wakibembeleza wajukuu, yeye alikuwa akibembeleza wabunge.

Mswada ukakwama. Makampuni makubwa yalilalamikia kodi, majimbo ya kaskazini na kusini yakavutana, na jamii za Delta ya Niger, zinazoishi juu ya visima na kuvuta moshi wa gesi inayochomwa, zikadai sehemu yao. Zilikuwa na haki. Machi 2010 baraza la mawaziri likavunjwa, Lukman akatoka. Alifariki Vienna mwezi Julai 2014, mswada ukiwa bado bungeni. Ulipitishwa na kutiwa saini Agosti 2021, ukiwa umebadilika sana, na unazitengea jamii hizo asilimia 3 ya gharama za uendeshaji za makampuni za kila mwaka. Aliyetia saini? Buhari, safari hii akiwa rais wa kuchaguliwa. Yule yule aliyemwita Lukman wizarani miaka 37 nyuma.

2. Katibu Mkuu asiye na kura

Subroto wa Indonesia aliondoka kwenye ukatibu mkuu wa OPEC, wenye ofisi yake Vienna, mwaka 1994, na kiti kikakosa mwenyewe wa kudumu kwa miezi kwa sababu wakubwa hawakukubaliana nani akikalie. Januari 1995 akaketi Lukman. Katibu Mkuu hapigi kura na hana kisima hata kimoja, lakini simu zote zinaishia mezani kwake.

Novemba 1997 mawaziri walikutana Jakarta, wakapandisha kiwango cha uzalishaji kwa asilimia 10, hadi mapipa milioni 27.5 kwa siku. Sarafu ya Thailand ilikuwa imeanguka tangu Julai, na Asia nzima ilikuwa inafunga mkaja. Kuongeza mafuta wakati wanunuzi wanaishiwa pesa! Kufikia mwisho wa 1998 pipa lilikuwa linauzwa karibu dola 10. Ilibidi zipatikane awamu za kupunguza uzalishaji, ya mwisho Machi 1999, mpaka soko likarudi, na mwaka 2000 pipa likavuka dola 30. Nao muhula wa Lukman uliongezwa, maana Saudia, Iran na Iraki hazikukubaliana juu ya mrithi. Ilikuwa rahisi kwao kukubaliana juu ya Lukman kuliko kukubaliana wao kwa wao, na kwangu hiyo ni sifa nzito kuliko nishani.

1. Geneva, 1986, na ile meza

Hapa ndipo napigania. Lukman alikabidhiwa wizara ya mafuta mwaka 1986, mwaka ambao pipa lilianguka kutoka dola zaidi ya 25 hadi chini ya dola 10. Sisi wanunuzi tulipumua. Nigeria, iliyotegemea mafuta kwa zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake ya nje, ilikabwa koo, naira ikaporomoka. Na mwaka huo huo mgeni huyu akachaguliwa rais wa mkutano wa OPEC. Hata nyumba hajaijua vizuri, kapewa ufunguo!

OPEC ni upatu: kila mwanachama anaapa mbele ya wenzake, kisha kila mmoja anachungulia nani ataiba kwanza. Na humo ndani Iran na Iraki zilikuwa vitani tangu 1980. Mwaka huo wa 1980 wanajeshi wa Iraki walimteka waziri wa mafuta wa Iran, Mohammad Javad Tondguyan, na kwenye mkutano wa Bali ujumbe wa Iran ukaweka picha yake kwenye kiti. Hakurudi hai. Wewe ungeanzaje kuzungumza mgawo wa mapipa mbele ya kiti hicho?

Lukman alianza polepole. Agosti 1986, Geneva, ikapatikana nafuu ya muda, Iraki ikiachwa nje. Oktoba kikao kikachukua zaidi ya wiki mbili. Mwisho wa mwezi Saudia ikamfukuza Yamani, waziri wake wa mafuta na jina kubwa kuliko yote mezani. Desemba wakakubaliana mapipa milioni 15.8 kwa siku na bei ya dola 18, Iraki ikikataa mgawo wake. Makubaliano yenye tundu, lakini bei ilisimama.

Tundu hilo hakulisahau. Vita vikakoma Agosti 1988, na Novemba, Vienna, likaja jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani: Iran na Iraki zikapewa mgawo sawa, mapipa milioni 2.64 kila moja. Wagombanao ndio wapatanao, wazee walisema, ila lazima awepo mtu wa kukaa katikati usiku kucha.

Katika miaka hiyo msaidizi wake alikuwa kijana mmoja, Mohammed Barkindo, aliyemfuata mpaka wizara ya mambo ya nje. Mwaka 2016 Barkindo akawa Katibu Mkuu wa OPEC, na Desemba ya mwaka huo Urusi na nchi nyingine zisizo wanachama zikakaa meza moja na OPEC kukubaliana kupunguza uzalishaji.