Makataa ya Disemba na Tiba Zake

Makataa ya asainmenti kuangukia sikukuu ni maradhi ya kawaida kati ya Ruiru na Thika, ukanda wenye Zetech, Chuo Kikuu cha Mount Kenya na, hapo Juja katikati, JKUAT. Msomaji wa Ruiru anadaiwa asainmenti tatu tarehe 27 Disemba, na tikiti ya basi la Kakamega ameshakata. Barua yake inaendelea, lakini mshauri wa safu hii aliacha kuisoma hapo kwa kuwa jibu lilikuwa limeshamjia.

Tiba ya kwanza ni ya kisheria. Katika kesi za madai nchini Kenya, siku za kuanzia 21 Disemba hadi 13 Januari hazihesabiwi kwenye muda wa kuwasilisha nyaraka, ila jaji akiamuru vingine. Asainmenti ikigeuzwa kesi, basi, mwanafunzi atakula chapati zake kwa raha mustarehe. Mshauri, ambaye angekuwa wakili mashuhuri lau si husuda za watu, haoni dosari katika hoja hii. Wahadhiri wanaiona.

Tiba ya pili ni kuandika asainmenti huko Blue Post, hoteli ya Thika ya tangu 1908, penye maporomoko ya Chania na Thika. Huko mshauri ametunga majibu yake bora, na wahudumu wangali wanamkumbuka, hasa yule wa bili.

Tiba ya tatu, isiyo na utukufu wowote, imo ndani ya Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni uliobuniwa na Mwaustralia Martin Dougiamas. Asainmenti humo inaweza kuwa na tarehe mbili. Ya kuwasilisha ikipita, kazi bado hupokelewa, ila huandikwa kuwa imechelewa. Ya kufunga ikipita, hata faili liitwalo “mwisho_kabisa_2” halipiti, mpaka mhadhiri aongeze muda. Hiyo ya pili huenda mwanafunzi asiione, kwa hiyo huulizwa mapema, kabla wahadhiri hawajaelekea mashambani nao.

Nafasi imekwisha, maana picha ya mshauri imekuzwa mwezi huu. Kwa haraka: asainmenti fupi imalizwe kabla ya safari, ya pili ipakuliwe isomwe bila bando, ya tatu iombewe muda kwa barua pepe leo. Kuhusu nauli ya Disemba, msomaji aandike barua nyingine, na safari hii aanze na pongezi.