Jaweli kwenye Kikwembe cha Mama Mkwe

Hapa Kakanda, malori ya madini yakishapita, kila kilichoanikwa kinageuka rangi ya barabara. Jumamosi ile mama mkwe alikuwa njiani kutoka Likasi kuja kuchukua kikwembe alichotuachia tumtunzie. Baba watoto akaona tope kwenye pindo, akaamua kusaidia, mimi nikiwa sokoni. Alitumbukiza kikwembe kwenye beseni la nguo zake za mgodini, kwa maji ya moto, akamimina jaweli, ile dawa ya kung’arisha nguo nyeupe, bila kupima.

Niliporudi kilikuwa kwenye kamba, juani. Mbayuwayu wawili wa mchoro wake, waliokuwa buluu, wamekuwa manjano kama kiini cha yai bovu.

“Si kitu,” akasema. “Fundi atageuza upande wa ndani.”

Nikatafuta kiti. Kikwembe kile ni wax halisi, na wax halisi haina upande wa ndani! Kiwandani nta inachapwa pande zote mbili za pamba, kisha kitambaa kinazamishwa kwenye nili. Nta inapopasuka, nili inajipenyeza na kuacha mishipa myembamba. Waholanzi walipoiga batiki ya Java kwa mashine, katika karne ya 19, Wajava waliikataa kwa sababu ya mishipa hiyohiyo. Waafrika wakaipenda, na Vlisco ya Helmond, iliyoanza mwaka 1846, mpaka leo inatuuzia. Basi doa letu lilitutazama mbele na nyuma.

Na si kikwembe cha kuendea shamba. Mama mkwe alikipata kwenye mahari ya binti yake wa kwanza. Mama wa rika lake walikuwa wasichana miaka ya 1970, Rais Mobutu alipowakataza suruali na wigi, wakabaki na vikwembe. Sanduku la vikwembe ndilo benki yao, na kila kimoja kina arusi yake au matanga yake.

Akafika. Akala bukari na sombe, akanawa, akaomba mzigo wake. Akakikunjua polepole mapajani, akapapasa doa kwa kidole gumba, akageuza, akapapasa tena.

“Papa, nani alikufundisha kufua?”

“Mama, nilitaka king’ae.”

“Kimeng’aa.”

Hukumu ilitoka palepale: pièce nzima ya yadi sita, wax, si ile ya kuchapwa upande mmoja, kabla ya arusi ya mwezi ujao. Ghana wanasema mchoro wa mbayuwayu maana yake pesa ina mabawa. Za baba watoto ziliruka mpaka Likasi, na mama mkwe akabaki na vyote viwili, kipya na kilichoungua. Fundi wake alikata penye madoa kwenye kile cha zamani. Sehemu iliyobaki nzima ikatoa blauzi ya mjukuu.

Mama wenzangu, kikwembe cha wax kifueni peke yake, kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, mkianike kivulini. Jaweli ifichwe mahali ambapo baba hafiki.