Barua ya Wazi kwa Kamati ya Reli ya Uganda, London

Waheshimiwa Wanakamati,

Wajukuu na vitukuu wa makuli wenu wanawasalimu, na kabla ya yote wanawapongeza kwa hesabu safi. Makuli mliowatoa India kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, kati ya 1896 na 1901, walikuwa karibu 32,000. Waliokufa, karibu 2,500. Waliobaki mikataba ilipokwisha, zaidi ya 6,700. Mshahara rupia 15 kwa mwezi, pamoja na posho ya chakula. Hesabu hizo zimeingia vitabuni miaka nenda miaka rudi. Majina hayakubahatika hivyo, na wajukuu wanatafuta majina: fulani, mwana wa fulani, wa kijiji fulani.

Waliotunzwa vizuri ni simba.

Wale wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa daraja mwaka 1898 hadi J. H. Patterson, mhandisi wa daraja hilo, akawaua Desemba, walikaa kwake kama mazulia, kisha miaka ya 1920 wakauzwa kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago. Wako huko hadi leo, wamesimamishwa ndani ya kioo. Wanasayansi wamepima mifupa na manyoya yao kukadiria walikula watu wangapi. Mwaka 2024 walitangaza matokeo ya kuchunguza nywele zilizonasa kwenye meno yao yaliyovunjika: za twiga, za pundamilia, na za binadamu. Patterson alimtaja kitabuni mwake Ungan Singh, jemadari aliyeburutwa kutoka hemani. Mwenzangu na mimi aliyelala hema la pili alibaki kuwa kuli tu. Anayetaka kumwona babu yake huenda akahitaji viza ya Marekani, kisha aombe kuchungulia mdomo wa simba.

Wenzenu wa Natal, Afrika Kusini, walikuwa wakali, lakini makarani wao walijua kuandika. Kila kibarua wa miwa kutoka India aliyeshuka huko tangu 1860 alipewa namba, na daftari la meli likaonyesha jina lake, la baba yake, umri, kijiji, hata alama za mwilini. Mauritius waliongeza picha, ili mtoro akamatwe upesi. Leo picha hizo za kuwindia watoro ndizo wajukuu wanazoziomba kwenye hifadhi ya Taasisi ya Mahatma Gandhi, Moka.

Haki itendeke: wajukuu nao wana chumvi. Karibu kila ukoo wa Kihindi una babu aliyeponea chupuchupu kwa simba wa Tsavo, ingawa makuli wengi walirudi kwao, na koo nyingi zilikuja na biashara kutoka Gujarat na Kutch. Allidina Visram, aliyefungua maduka kufuata reli yenu, alikuwa mfanyabiashara na hakuwahi kubeba taruma hata moja.

Wajukuu wa makuli waliotoka Punjab kweli wana mtihani mwingine. Mwaka 1947 mpaka ulipasua jimbo lao, na mjukuu mwenye jina la kijiji mkononi hulazimika kwanza kujua abishe hodi India au Pakistani.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, iwapo daftari la waliopanda meli Karachi bado liko kabatini mwenu, litumeni. Iwapo panya wamelila, wajulisheni wajukuu panya hao wamehifadhiwa makumbusho gani.