Mhadhara Rasmi Juu ya Elimu, Tangu Chekechea Hadi Udaktari wa Heshima

Elimu, kwa fasili iliyokubaliwa katika mhadhara huu na ambayo haitajadiliwa, ni mwendo wa binadamu kutoka cheti kimoja hadi kingine, unaoanza siku mtoto anapofundishwa kushika penseli na kukoma siku mzee anapoongezewa neno "Dokta" mbele ya jina lake. Mtaalamu anayewasilisha fasili hii, ambaye utaalamu wake umethibitishwa na yeye mwenyewe, ameifanyia utafiti wa kina kwa kuutazama ukuta wa ofisi yake ulipotundikwa vyeti vyake, na amejiridhisha kuwa fasili nyingine zote, hasa zile zinazotaja kuelewa au kuweza kufanya jambo, zilitungwa na watu waliokosa ukuta wa kutosha.

Hatua ya kwanza ni chekechea, ambayo kilele chake ni mahafali, yaani sherehe ya kumpongeza mtu kwa kuacha kusoma. Mtoto wa miaka 5 huvalishwa joho linaloburura vumbi na kofia ya pembe nne iliyofungwa kwa mpira kidevuni, hukabidhiwa cheti asichoweza kukisoma, kisha husinzia kwenye kiti cha plastiki wakati mgeni rasmi akimwasa ajiepushe na makundi mabaya. Wakosoaji husema kwamba mtoto huyo bado huandika herufi za jina lake kinyumenyume, lakini pingamizi hilo halina mashiko, kwa kuwa cheti kimetolewa na pilau imeliwa, na herufi hazijawahi kuwa sharti la pilau.

Hatua ya pili hujumuisha shule ya msingi na sekondari, ambako mwanafunzi hujengewa uwezo wa kukariri, na akishindwa hupelekwa twisheni, yaani masomo ya jioni ambayo mzazi hulipia ili mtoto akafundishwe yale ambayo hakufundishwa asubuhi. Mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alizilaumu shule zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni kwa kuwatenga wanafunzi na jamii yao na kuwafanya waamini kwamba maarifa yote hutoka vitabuni au kwa waliosoma. Mtaalamu anauheshimu mno waraka huo, na kwa kuonesha jinsi ulivyomwingia, ameukariri wote pamoja na namba za kurasa.

Hatua ya tatu, ya chuo kikuu, haihitaji maelezo marefu, kwa sababu imekwisha kuelezwa ndani ya desa, yaani muhtasari wa masomo unaorithishwa kutoka mwaka hadi mwaka, na ambao ubora wake hupimwa kwa idadi ya waliofaulu bila kuufikiria.

Hatua ya nne, ya utu uzima, ndiyo yenye utajiri mkubwa zaidi, kwa kuwa hapo ndipo mwanafunzi anapoanza kulipwa. Chombo chake kikuu ni warsha, yaani mkutano wa watu wanaolijua jambo, waliosafirishwa hadi mji mwingine ili waambiwe jambo hilo. Warsha huongozwa na mwezeshaji, ambaye huwagawa washiriki katika makundi, huwapa kalamu za rangi waandike mawazo yao kwenye bango kitita, na baada ya chai ya saa nne huwasomea mawazo hayohayo. Nguzo ya zoezi zima ni posho, yaani fidia anayopewa mtu kwa kukubali kuelimishwa, na ndiyo maana fomu ya mahudhurio husomwa kwa makini kuliko mada yoyote.

Haki ya kitaaluma inadai kwamba mifano inayopingana na nadharia hii itajwe, ili ipuuzwe kwa utaratibu. Nchini Tanzania, mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kikafuata kisomo chenye manufaa, yaani mafunzo ya kusoma na kuandika yaliyofungamanishwa na kazi ya mwanakisomo, hata mkulima wa pamba akajifunza silabi kwa kitabu cha pamba na mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, ambapo takriban watu milioni 2 walikutana kwa makundi kwa muda wa wiki 12, wakasikiliza kipindi, wakasomewa sura ya kitabu na mwenzao aliyejua kusoma, wakajadiliana kuhusu malaria na kuhara, kisha wakanyanyuka kwenda kufyeka majani na kuchimba vyoo. Mtaalamu amelipitia tukio hilo kwa masikitiko, kwa maana hakuna mafunzo yanayostahili jina hilo ambayo humalizika kwa mshiriki kushika jembe badala ya bahasha.

Kasoro hazikuishia hapo. Katika mtihani wa kitaifa wa mwaka 1975, wanakisomo walipangwa kwa hatua, na aliyefika hatua ya juu alitarajiwa aweze kusoma gazeti na kutunza kumbukumbu za hesabu zake, jambo linaloonesha kwamba watahini walichanganya elimu na matumizi yake. Nako Kanda ya Ziwa lilianzishwa gazeti la vijijini kwa ajili ya hao waliojua kusoma karibuni, likapewa jina la Elimu Haina Mwisho, bila mhariri yeyote kujiuliza kwamba, kama haina mwisho, mahafali yatafanyika lini.

Mfano wa Kenya unasumbua zaidi. Januari 2004, baada ya serikali kufuta ada za shule za msingi mwaka uliotangulia, Kimani Maruge, aliyekuwa mpiganaji wa Mau Mau, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiyo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84, amevaa kaptura na soksi ndefu za sare. Mzee huyo alitaka kujisomea Biblia ili ahakikishe kama mhubiri anaifuata, na kujua hesabu ili akilipwa haki yake asipunjwe. Mwaka 2005 alihutubia Umoja wa Mataifa huko New York kuhusu elimu ya bure, na akafariki mwaka 2009 kabla ya kumaliza shule ya msingi. Kwa mizani ya mhadhara huu, Maruge hakuelimika, na ukaidi wake wa kutaka kujua anachosomewa unaweza kuhatarisha kazi za watu wengi wanaosoma kwa niaba ya wengine.

Faraja imetoka kwa VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya Tanzania, ambayo huwapima mafundi waliojifunza kazini na kuurasimisha ujuzi wao. Saidia fundi aliyekulia chini ya magari, ambaye husikiliza mlio wa injini na kutaja kilichoharibika kabla boneti haijafunguliwa, huweza sasa kupewa cheti, na kwa tarehe iliyoandikwa juu yake ndipo ujuzi wake unapoanza kuwepo. Magari aliyoyatengeneza kabla ya hapo yalipona kwa bahati.

Hatua ya tano ni udaktari wa heshima, unaotolewa kwa mtu aliyetenda makuu ama, pale ambapo makuu hayakupatikana, kwa mtu aliyelipia joho. Waswahili husema kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini aliyeona mengi akaishia kuitwa Babu tu hana budi kukiri kwamba aliona bila idhini.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba iundwe kamati ya kudhibiti watu wanaojifunza ovyo majumbani, magereji na chini ya miembe, na kwamba mwenyekiti wake awe Mtaalamu. Vyeti vya kuhudhuria mhadhara huu vitatolewa mlangoni, vikiwemo vya waliolala. Maswali hayataruhusiwa, kwa kuwa swali ni ushahidi kwamba mtu bado anajifunza, na aina hiyo ya watu haikualikwa.