Harufu Iko Yenu, Nyumba Iko Yangu

Mwenye nyumba wetu hahitaji kalenda. Tarehe 30 ya kila mwezi, jua likiwa bado halijafika juu ya mwembe, geti linagongwa mara tatu naye anaingia, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja matangani. Kisha anaanza kukagua. Anahesabu nguo kwenye kamba ili ajue tumelala wangapi. Anatazama mwembe kama kuna tawi lililovunjwa. Anafungua bomba la uani, analifunga, analifungua tena. Anamuuliza mtoto wetu wa mwisho, kwa sauti ya babu mwema, "Yule mgeni wenu wa juzi ameisha kwenda?" Baada ya hapo ndipo anakaa barazani, anapokea dola zake, anaziinua juani moja moja, na ile yenye mchaniko hata wa ukucha anairudisha.

Mwaka mzima na miezi minne sikuwahi kumwona akiinama kutazama kilichokuwa chini ya sinki. Na hicho ndicho tulichokuwa tunakilipia zaidi.

Nyumba hii ya Bel-Air, komini ya Kampemba, tuliipata kwa mkono wa komisyonere, wale vijana wa Lubumbashi wanaojua nyumba tupu kabla mwenyewe hajahama. Alitupitisha vyumbani haraka haraka, akasimama kwenye mlango wa jikoni, akamgeukia mke wangu. "Mama, hapa makala ni kwisha," yaani makaa hamtayahitaji tena. Jiko la gesi la mafiga manne lilikuwa limejengewa ndani ya sementi na vigae vyeupe. Nyuma yake ulishuka mrija wa shaba, ukaingia kwenye kabati la mbao, chini ya sinki, lenye kitasa cha dhahabu ya uongo. Mrija wa shaba! Katika mji uliojengwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, nani angeutilia shaka? Kodi ilikuwa dola 160; kwa sababu ya "jiko la kisasa" ikawa 180. Garanti, yaani amana ya kodi, miezi 6. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema nyumba ya kukaa mjini garanti isizidi miezi 3. Mimi nilikuwa naijua sheria hiyo, komisyonere alikuwa anaijua, mwenye nyumba alikuwa anaijua kutuzidi sote. Tukatazamana, nikahesabu miezi 6.

Kabati lilikuwa halina chupa. Kwa hiyo mwaka wa kwanza jiko la kisasa likawa meza ya termo na kilalio cha paka, na kazi ikafanywa na mbabula, jiko letu la makaa, kama zamani. Umeme ukikatika, na sitasimulia hapa mara ngapi, Lubumbashi nzima inageukia makala, na wale wanaume wanaosukuma baiskeli zenye magunia kutoka barabara ya Kasenga wanapandisha bei kabla hata taa hazijamaliza kuzima.

Aliyetuokoa, au tuseme aliyeleta kisa, ni shemeji. Yeye ni dereva wa lori. Anapeleka shaba bandarini Dar es Salaam, anarudi na mizigo ya watu, na kati ya hapo analala kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa siku ambazo huwa anazihesabu kwa masufuria aliyounguza. Siku moja akashusha chupa ya gesi ya kilo 15, au mtungi kama anavyouita yeye kwa Kiswahili chake cha Dar. Tuliipokea kama bibi harusi. Mke wangu alitaka kuifuta vumbi kabla haijaingia ndani.

Tatizo likaonekana dakika ileile. Kichwa cha chupa kilikuwa cha aina moja, na kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi kilichokuwa kikining'inia kabatini kilikuwa cha aina nyingine. Shemeji alikiita regulata, fundi tuliyemwita alikiita detandeur, wakabishana robo saa juu ya jina, na juu ya kutoshana kwake na chupa hawakusema neno. Hatimaye fundi akatoa mfukoni kipande cha shaba alichokichonga mwenyewe, akachukua mpira mweusi wa gari, akaufunga kwa waya, akaukaza kwa koleo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Hii haiachilii hata Yesu arudi," akasema. Moto wa bluu ukawaka. Tulipika bukari, ugali wetu, na sombe, yaani kisamvu, siku hiyo kwa dakika nilizozipima kwa saa, na majirani wakaalikwa kutazama.

Siku ya tatu harufu ikaingia.

Ilianza kidogo, kama yai bovu lililofichwa. Mke wangu akashtaki ndagala za kambo. Kambo, ambaye ni bibi mzaa mama wa mke wangu na amekaa nasi tangu mumewe afariki, akashtaki paka. Watoto wakashtakiana, kila mmoja akimtaja mwenzake kwa mambo ambayo siwezi kuyaandika. Mimi nikatoa hukumu kwamba ni panya aliyefia ukutani, nikavunja vigae viwili kumtafuta. Hakuwapo. Jioni ya siku ya tano harufu ilikuwa nzito mpaka bukari ikawa na ladha yake, na jioni hiyohiyo umeme ukakatika.

Kambo akasimama gizani. "Leteni mshumaa. Panya nitamtoa mimi." Nikasikia kiberiti kikitikiswa.

Sijui kama ni Mungu au ni mtandao. Simu ya mke wangu ikalia: mdogo wangu wa kike, yuko Leeds, Uingereza, mwaka wa tisa sasa. Mke wangu, badala ya kusalimia, akaanza na malalamiko ya harufu. Upande wa pili ukanyamaza kidogo, halafu sauti ikapaa, kambo mwenyewe akaisikia kutoka mwisho wa jiko: "Yaya, msiwashe kitu! Msiguse hata swichi! Fungeni chupa, fungueni milango!"

Nikapapasa nikaifunga chupa. Kisha akatueleza kwamba gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Kiwandani wanaitia dawa inayonuka makusudi, jamii ya merkaptani, tone dogo tu, ili pua imwambie mtu kilichofichika. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa, propani kwa mara moja na nusu, butani kwa mara mbili hivi; haipandi ikatokea dirishani, inashuka chini na kulala kwenye mashimo, na kabati lililofungwa chini ya sinki ni kitanda chake. "Basi isukumeni itoke mlangoni, chini chini," akasema.

Kwa hiyo saa mbili usiku, gizani, familia ya watu saba tulikuwa tunafagia hewa. Kambo na ufagio wa mti, mke wangu na kitenge akipepea, watoto na vifuniko vya ndoo, mimi na mkeka. Tulikuwa tunasukuma kitu kisichoonekana kutoka jikoni, kupitia barazani, mpaka getini, huku kambo akikiamuru kwa Kibemba kiondoke na kisirudi. Majirani walikusanyika kwenye ua. Mmoja akauliza kwa heshima mchungaji wetu ni yupi. Tangu siku ile kuna nyumba mbili mtaani ambazo watoto wao hawaruhusiwi kula kwetu.

Kesho yake dada akatuma picha ya karatasi. Nyumba anayopanga Leeds ina jiko na chombo cha kuchemshia maji vya gesi, na kwa kanuni za Uingereza za mwaka 1998, kila miezi 12 mwenye nyumba analazimika kumleta fundi aliyeandikishwa rasmi, akague kila kifaa chake cha gesi, aandike alichokikuta, na nakala ampe mpangaji ndani ya siku 28. Akipuuza anaweza kupelekwa mahakamani. Jambo moja lilinivutia zaidi: kifaa alichokileta mpangaji mwenyewe si mzigo wa mwenye nyumba. Nikakaa nikagawanya. Jiko, lake. Mrija wa shaba, wake. Chupa, yangu. Mpira wa gari, wa fundi, ambaye simu yake ilikuwa haipatikani.

Nikaisubiri tarehe 30 kwa hamu kwa mara ya kwanza maishani.

Alikuja. Alihesabu nguo, alisalimia mwembe. Nikampa simu. Akavaa miwani, akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akaisoma yote kwa makini, na moyo wangu ukafurahi. Akavua miwani.

"Mwanangu, huyu dada yako, anapanga kwa ngapi kwa mwezi?"

Nikamwambia. Ndipo nilipoharibu. Akapiga hesabu kimyakimya, midomo ikichezacheza. "Sasa, mimi ntakuletea karatasi kama hii kila mwaka. Weye unilipe kama yeye."

"Papa, hapa tulikuwa tukufe sisi wote."

"Pole sana. Lakini fahamu kintu kimoja. Harufu iko yenu, nyumba iko yangu."

Hata hivyo, nadhani neno la kufa lilimgusa, au aliwaza juu ya paa lake, kwani wiki iliyofuata akaleta "teknisieni". Alikuwa mpwa wake, anatengeneza simu karibu na soko la komini ya Kenya. Kijana akaweka sikio kwenye mrija kama daktari, akaugonga kwa bisibisi, akatikisa kichwa kama mjuzi. Halafu akasema, "Leteni briketi tuone kama inaachilia," yaani kiberiti cha gesi, na kambo, yuleyule wa mshumaa, akampiga mkono kwa mwiko. Kijana akaandika kwenye daftari, "Gaz: bien", yaani gesi iko sawa, akagonga muhuri wa kibanda chake cha simu. Ukurasa huo ninao mpaka leo.

Kambo hakuridhika. Alizaliwa katika kampi ya Union Minière, kabla kampuni hiyo ya shaba haijataifishwa mwaka 1967, na kwao ukaguzi ulikuwa jambo la kawaida kama posho. Mkuu wa kampi waliyemwita Changachanga alikuwa anaingia nyumba za wafanyakazi, akifunua masufuria, akitazama kuta, chini ya vitanda, chooni. Walimchukia. Aliingilia mpaka ugomvi wa mume na mke. Kambo husimulia habari zake kwa kutema mate, nami sitaki mtu adhani anaililia kampi. Lakini asubuhi ile alisimama mbele ya mwenye nyumba na kijana wake, akasema, "Changachanga alikuwa mtu mubaya. Lakini alikuwa anainama."

Halafu akakoroga sabuni ya kufulia kwenye kikombe mpaka povu likafura, kama dada alivyotufundisha, akaniamuru nifungue chupa kidogo, milango yote wazi, mbabula ya jirani imezimwa. Akapaka povu kwenye mpira wa fundi. Mapovu yakavimba, makubwa, ya kuchekesha. Mwenye nyumba akatabasamu. "Munaona? Iko yenu." Kambo hakujibu. Akapaka povu kwenye kiungo cha mrija wa shaba, pale unapoingia ukutani, penye rangi nyeupe na vigae. Tukangoja. Povu moja dogo likachipuka, likakua, likapasuka. Lingine likafuata. Kwa utaratibu, kama mtu anayepumua usingizini.

Mwenye nyumba akaweka kofia chini. Akashika ukingo wa sinki, magoti yakalia, akainama. Alikaa pale muda mrefu, uso karibu na kabati, akitazama mapovu yake.

Hakubishana tena, wala hakutengeneza. Fundi wake wa kweli, mtu mzima wa kuchomelea, aliukata mrija na kuziba tundu la ukutani kwa sementi. Jiko la kisasa likabaki na vigae vyake, bila mrija. Kipindi cha kungoja regulata inayotosha kutoka Dar kilituangukia Juni, wakati baridi ya Lubumbashi inashuka chini ya nyuzi 10 usiku, na watoto wakaingiza mbabula chumbani ili walale na joto. Dada akapiga simu tena, safari hii bila kuulizwa: gesi angalau inatiwa harufu, moshi wa makala yaliyoiva hauna wa kuutia. Ile kaboni monoksidi haionekani, hainuki, na mtu anaivuta akidhani ni usingizi. Kambo anaitoa mbabula nje yeye mwenyewe kila usiku, hata ikiwa na moto wa bure, na anakagua vyumba vyote kabla ya kulala. Anafunua hata blanketi.

Chupa ya shemeji sasa iko barazani kwenye hewa, imefungwa mnyororo, ina regulata yake halisi, mpira wake wa gesi na jiko dogo la mafiga mawili, na kila tarehe mosi kambo anaipaka povu. Mwenye nyumba anaitazama sana akija. Mwezi uliopita aliuliza kama ile nafasi ya barazani iko ndani ya mkataba.

Kodi bado ni dola 180, pamoja na zile 20 za jiko la kisasa. Paka amerudi kulala juu yake.