Kifurushi cha Vinywaji Melini na Hesabu Zake

Kifurushi cha vinywaji ni malipo ya mkupuo ambayo abiria wa meli ya kitalii hutoa ili anywe kadiri atakavyo safari nzima, bila kuulizwa hela tena kwenye kaunta. Aliyewahi kujiunga na kifurushi cha intaneti cha wiki ameshaelewa nusu ya jambo. Nusu ya pili ni ile saa tano na nusu ya usiku, muda unakaribia kwisha na MB mia nane zimebaki, mtu anapoanza kupakua filamu asiyoitaka, ili mradi kampuni ya simu isimle hela yake. Melini saa hiyo huja kila siku, na kinachopakuliwa hupitia kooni.

Katika kampuni kubwa zinazoondokea Miami na bandari nyingine za Florida, kama Royal Caribbean na Carnival, kifurushi chenye pombe huwa dola 60 hadi 100 hivi kwa mtu mmoja kwa siku. Bei hupanda na kushuka kwa meli, kwa msimu na kwa siku ya kununua. Anayenunua mtandaoni kabla ya safari kwa kawaida hupata nafuu kuliko anayengoja mpaka aingie melini. Juu yake huongezwa bakshishi ya asilimia 18 au 20, ambayo haiombwi bali hukatwa. Hakiuzwi kwa siku moja moja: ni safari yote au basi. Na katika kampuni hizo mbili, mtu mzima mmoja wa chumba akinunua, wenzake wa chumba hicho waliotimiza miaka 21 nao hutakiwa kununua.

Sharti hili la mwisho ndilo lenye kuleta mashauri marefu vyumbani. Limewekwa kuzuia mume kununua kifurushi kimoja na kukinywesha kwa nyumba nzima. Asiyegusa pombe kabisa anaweza kupiga simu akajieleza, na mara nyingi hukubaliwa anunue kifurushi cha soda na juisi badala yake. Hapo ndipo ulimi wa mtu huanza kumponza. Kuna mama mmoja Mtanzania, mkazi wa Marekani, aliyejieleza vizuri kwenye simu kwamba pombe haijui hata kwa harufu. Siku ya pili ya safari alikuwa kwenye baa ya bwawani, anamnong'oneza mumewe kwa Kiswahili: "Agiza ile yenye majani ya nanaa, unywe nusu uniachie nusu. Hapa nani atatuelewa?" Wahudumu wa meli hizi huvaa beji kifuani zenye jina na nchi waliyotoka. Wengi ni Wafilipino, Wahindi na Waindonesia, lakini Wakenya nao wamo, na beji ya kijana wa kaunta mama hakuisoma. Kijana aliendelea kuponda nanaa yake taratibu mpaka ikalainika, kisha akainua macho. "Shikamoo mama," akasema. "Hiyo nusu hapana. Kadi yako inasoma soda." Mama, kwa kuwa adabu haina likizo, ilimbidi aitikie marahaba kwanza kabla ya kuona haya. Mume alikuwa ameshaizamia menyu, kaishika kichwa chini miguu juu.

Hesabu yenyewe si ngumu, na ugumu wake ni wa kujitakia. Chukua kifurushi cha dola 80 kwa siku. Pamoja na bakshishi ya asilimia 18 kinakuwa dola 94.40. Kwa safari ya usiku saba ni dola 660.80, na kwa wawili ni dola 1,321.60. Watu hufika hapo wakashika kichwa, kisha huchukua bei ya bia kwenye menyu na kuanza kugawanya. Wanachosahau ni kwamba bia ya kununua moja moja nayo hukatwa bakshishi ileile. Asilimia 18 iko pande zote mbili, kwa hiyo inaweza kufutwa pande zote mbili, na swali likabaki jepesi: je, mtu huyu atakunywa vya dola 80 kwa siku?

Tuseme bia ni dola 8, glasi ya mvinyo 12, kokteli 14, kapuchino 5 na chupa ya maji 4. Abiria anaamka, anaagiza kapuchino. Mchana anakunywa bia mbili kando ya bwawa. Alasiri anashika chupa ya maji. Chakula cha jioni kinapita na glasi ya mvinyo, kisha kapuchino ya pili ya kusindikizia keki. Usiku, muziki ukianza, anamaliza na kokteli mbili. Hivyo ni vinywaji vinane, na kwa watu wengi hiyo ni siku ambayo nyumbani ingeitishiwa kikao cha ukoo. Jumla yake ni dola 70. Bado anadaiwa dola 10, yaani bia moja na robo, na robo haimiminwi.

Hesabu hii hufanywa sebuleni na mtu mwenye kiu, akitazama picha za bahari ya buluu. Anayekuja kuitekeleza ni mtu aliyeshiba, ametoka kwenye meza ya vyakula vya kujipakulia akiwa na sahani ya tatu.

Siku nazo hazilingani. Siku ya baharini, meli ikitembea tangu asubuhi mpaka usiku, mteja ana saa zote za kurudisha hela yake na hana pa kwenda. Siku ya bandari ni habari nyingine. Meli hutia nanga Cozumel au Roatán asubuhi, na abiria hushuka mpaka alasiri. Kifurushi hakishuki naye. Isipokuwa sehemu chache zinazomilikiwa na kampuni zenyewe, kama CocoCay ya Royal Caribbean huko Bahamas, kadi ya melini ikifika nchi kavu ni kipande cha plastiki tu. Hapo huonekana kituko kisichosameheka: mtu wa pwani, aliyelelewa kwa dafu, amesimama juani mbele ya muuza dafu wa Cozumel, anameza mate, anakataa. Ameshalipia vinywaji vya leo. Vinywaji hivyo viko mwendo wa nusu saa nyuma yake, ndani ya meli, na yeye amevaa ndala mpya zinazomchubua. Atakufa na kiu, lakini halipi mara mbili.

Wapo wanaodhani kwamba neno "bila kikomo" halina kikomo. Carnival huhesabu vinywaji 15 vya pombe kwa siku, na siku yao huanza saa kumi na mbili asubuhi na kwisha saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake. Zaidi ya hapo mteja hupewa soda. Tena huagizwa kimoja kimoja, na baina ya kimoja na kingine hupitishwa dakika tano. Masharti haya huwaudhi sana watu ambao hawajawahi kunywa vitano.

Mwenendo wa mnunuzi wa kawaida katika safari ya siku saba unatabirika. Siku ya kwanza hupanda meli adhuhuri na kuanza kazi mara moja, huku akiandika kila glasi kwenye simu na bei yake pembeni. Usiku humwonyesha mwenzake kwamba wamevuka gharama kwa dola 6, na hulala kama mtu aliyeuza kiwanja. Siku ya pili huamka na kichwa kinachogonga kwa mapigo ya injini. Siku ya tatu tumbo linakataa vitamu, na kokteli ambayo ndiyo yenye kurudisha hela upesi ni tamu kuliko zote. Siku ya nne bahari inachafuka kidogo, naye anashinda kitandani akinyonya ndimu, huku dola 80 zikipita dirishani. Siku ya tano anagundua maji ya chupa. Kwa kuwa hupewa chupa moja kwa kila anapoagiza, anazunguka baa nne za staha nne tofauti, na kurudi chumbani na chupa nne ndani ya taulo. Kufikia jioni chupa kumi na moja zimepangwa mstari chini ya kioo, na mhudumu wa chumba anazipangusa vumbi bila kuuliza. Maji ya bomba ya meli hizi ni safi na ya kunyweka. Mengi hutengenezwa humohumo kwa kuondoa chumvi katika maji ya bahari, na hutolewa bure, na barafu juu. Lakini hayo hayarudishi hela ya mtu.

Vya bure si haba. Maji, barafu, maji ya limau, chai, kahawa ya kawaida, na juisi wakati wa kifungua kinywa vimo katika nauli. Kuhusu chai ni vizuri msomaji aonywe mapema: ni maji ya moto, kifuko cha majani chenye uzi, na vikopo vidogo vya maziwa. Chai ya maziwa iliyopikwa pamoja na tangawizi mpaka ikafura haimo katika kifurushi chochote, wala cha bei ya juu kabisa.

Asiyekunywa pombe huuziwa kifurushi cha soda, dola 10 hadi 15 kwa siku. Soda moja ikiwa dola 4, hesabu inafika mahali pake kwenye ya tatu au ya nne, kiwango ambacho watoto wa shule hukifikia kabla ya saa nne asubuhi. Katika meli nyingi za Royal Caribbean mnunuzi hupewa kikombe kikubwa cha plastiki chenye chipu ndogo kitakoni. Mashine huisoma chipu hiyo ndipo ikamimina. Wajanja wa kuweka bilauri ya kawaida chini ya mfereji husubiri pale muda mrefu, foleni ikikua nyuma yao, wakibonyeza kioo kwa kidole cha kwanza, kisha cha pili, kana kwamba mashine ina kinyongo na kidole.

Kuhusu kuingiza vya kwako, kampuni nyingi huruhusu kila mtu mzima chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 siku ya kupanda. Pombe iliyonunuliwa bandarini huchukuliwa mlangoni na kurudishwa mwisho wa safari. Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya kumulika, na wasiotaka kushindwa na mashine wamebuni chupa ya dawa ya kusukutua: vodka hutiwa rangi ya kijani ya kupikia na kufungwa vizuri. Mbinu ina dosari moja. Huwekwa bafuni ili isishukiwe, na saa kumi na mbili asubuhi mwenzi asiyejua mpango huenda kusukutua.

Pombe na meli za Marekani ni jamaa wa siku nyingi. Kati ya 1920 na 1933, nchi hiyo ilipopiga marufuku uuzaji wa vileo, watu walikata tiketi za meli zilizotoka nje ya mipaka ya bahari ya nchi, zikazunguka huko bila kwenda popote, na kurudi. Walioishika biashara hii leo wanaijua vizuri thamani ya mtu aliyefungiwa baharini pamoja na baa. Nauli hushushwa ili vyumba vijae, na sehemu kubwa ya mapato hutafutwa abiria akishaingia ndani. Bei ya kifurushi hupangwa na watu walioziona risiti za mamilioni ya abiria, nayo hukabiliwa na mtu mwenye kikokotoo cha simu.

Kwa hiyo kifurushi cha pombe kinamfaa abiria ambaye hata pasipo kulipia kabla angekunywa sita au saba vya bei ya kokteli kila siku, aliyechagua safari yenye siku nyingi za baharini, na ambaye mwenzake wa chumba ni vivyo hivyo. Wawili wa namna hiyo hupatikana, ila kwa nadra, na wakipatikana wana mambo mengine ya kuzungumza kabla ya kifurushi. Aliyebaki, yaani wa bia mbili na kahawa, hutumia dola 21 kwa siku na bakshishi yake, na huwa na nafasi ya dafu.

Asubuhi ya mwisho meli hufunga bandarini, baa nyingi hazijafunguliwa, na wenye vifurushi hupanga foleni moja na wasio navyo kwenye birika la kahawa ya bure. Hesabu ya chumba hufungwa. Hapo huibuka mshangao wa ile chupa ya maji iliyokuwa mezani chumbani siku ya kwanza, ambayo abiria aliifungua akidhani ni zawadi ya kukaribishwa. Ilikuwa na kikaratasi shingoni chenye bei, na vinywaji vya chumbani aghalabu havimo kwenye kifurushi. Zile kumi na moja za taulo haziwezi kubebwa mkononi kwenye ndege zikiwa na maji, basi humwagwa sinkini moja baada ya nyingine, mwenye nazo akinywa ya mwisho kwa kulazimisha.

Kikombe cha soda husafiri. Hufika nyumbani katikati ya nguo, hukaa kabatini miezi miwili kikionyeshwa wageni, kisha siku moja kopo la kupimia mchele linapotea. Tangu hapo huishi ndani ya ndoo ya mchele, vikombe viwili kwa chakula cha watu wanne, chipu yake ikiwa bado kitakoni.